Masudi Mara Tatu

Bandarini Kindu, pale reli inapokutana na meli za Lualaba, alikuwapo mchukuzi mmoja aliyeitwa Mara Tatu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Masudi, ila hilo lilibaki kwenye kipande chake cha kazi tu. Ukikaa naye muda wa kuvuta sigara moja, angetazama chini, kisha angesema, kama mtu anayejibu swali: "Miye niliita. Niliita mara tatu." Hakuna aliyemuuliza aliita nini wala aliita nani. Watu wa bandarini wana magunia ya kubeba na msimamizi wao, kapita, wa kuwakaripia. Maneno ya mtu aliyevunjika wanayageuza jina la utani, wanacheka, mambo yanakwisha. Miaka kumi na mmoja alisema hivyo. Kisha, mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tisa, akaacha ghafla, na hakuyatamka tena mpaka anakufa. Wenzake walidhani amepona. Hawakujua kitu.

Masudi alizaliwa hapo hapo Kindu, mtaa wa Kasuku, katika ukoo wa Wangwana, watu wa kanzu na swala tano. Vita vya pili vya Wazungu vilipokuwa vikielekea mwisho, kampuni moja ya machimbo ya bati ilitafuta vijana wa kwenda kujenga ukuta wa kuuzuia mto Lukoma, mbele ya Kailo. Masudi akaenda. Alibeba mawe, akachanganya saruji, akapandishwa kidogo kidogo kwa sababu hakuwa mlevi na alijua kusoma namba. Ukuta ulipokamilika, maji yalijaa nyuma yake mpaka bonde likazama, na ndege waliozoea miti ya humo wakazunguka juu wiki nzima wakitafuta pa kutua.

Mkubwa wa mtambo alikuwa Mbelgiji mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Saa, kwa jinsi alivyoitazama saa yake hata akiwa anakula. Siku ya uzinduzi alisimama juu ya ukuta akaeleza kazi za maji yale. Yatazungusha mitambo itoe umeme wa machimbo, na waya utafika mpaka Kindu. Yataosha mchanga wa bati. Yatavutwa kwa pampu watu wa kambi wanywe. Yatafugiwa samaki, na mvua kubwa zikija yatazuiwa yasiharibu mashamba ya chini. Wazee waliokuja kusikiliza waliguna. Mmoja wao alisema kwamba hata mfungwa wa Serikali hapewi kazi tano kwa siku moja.

Ili habari hii ieleweke, kuna jambo moja la kujua kuhusu ukuta ule. Maji hayakuendelea kupita mtoni. Yaliingia kwenye bomba kubwa lililotoboa kilima, yakaangukia kwenye mtambo huko chini, na kurudi mtoni hapo. Kwa hiyo kati ya ukuta na mtambo, mwendo wa nusu saa kwa miguu, mto wa zamani ulibaki mawe na madimbwi. Samaki walionaswa humo walikuwa wengi ajabu, na wanawake wa kambi waliona neema imewashukia. Uvuvi wa wanawake wa huko, tangu bibi wa bibi zao, ndio huo: wanaziba maji kwa udongo na majani, wanayachota kwa vibuyu na mabeseni wakiyamwaga nje mpaka dimbwi likauke, kisha wanaokota samaki kwenye matope. Kazi hiyo hufanywa na kitambaa kidogo kiunoni tu, na mwanamume hasogei.

Chini ya ukuta palikuwa na mlango wa chuma ambao Wazungu waliuita vani. Bwawa likipita alama nyekundu, vani hufunguliwa, na maji ya ziada hushuka kwa nguvu katika mto ule wa mawe. Mlinzi wa vani alikuwa Masudi. Sheria yake ilikuwa fupi. Kwanza apige kipande cha reli kilichoning'inizwa ukutani, watu wapate kutoka mtoni. Lakini mto ulikuwa na kona kali katikati, penye jabali kubwa, na mlio wa chuma haukupita kona ile. Kwa hiyo akishapiga, lazima ashuke kwa miguu mpaka dimbwi la mwisho ahakikishe hapana mtu, ndipo arudi kufungua. Ahakikishe kwa macho, Bwana Saa alimsisitizia, si kwa mdomo. Miaka miwili Masudi alifanya hivyo bila kosa. Akikaribia alikohoa, wanawake wakajifunga vitenge, wakamtania kwamba anatafuta mke wa pili mchana kweupe, wakabeba vikapu vyao wakapanda.

Mke aliyekuwa naye alitosha. Aliitwa Adolphine, binti wa kijiji kimoja cha upande wa Kailo, mwenye kicheko cha kusikika nyumba tatu mbali. Kwa ajili yake Masudi alijifunza desturi za watu wake, na alizishika kuliko wenyewe, kama afanyavyo mgeni anayeogopa kuambiwa hajui. Desturi kubwa kuliko zote ilikuwa ya mama mkwe. Mama wa mke wako humwiti jina. Humtazami usoni. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hamsemezani, na ukisikia sauti yake ndani ya nyumba unageuka ulikotoka. Kumwona uchi, hata kwa bahati mbaya, ni uchafu unaowaangukia watoto wako. Heshima si utumwa, watu husema, lakini heshima ya mkwe huko kwao ilikuwa jirani yake.

Mama huyo aliitwa Wabiwa. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono mirefu ya kazi. Mara ya kwanza walipokutana njiani, yeye na Masudi walikimbilia porini upande mmoja; walipogundua wakakimbilia upande wa pili, tena pamoja; mwishowe Masudi akatumbukia kwenye shimo la kulowekea mihogo, akakaa humo ananuka mpaka hatua za mama zikapotea. Adolphine alicheka siku mbili. Lakini watu hao wawili walipendana kwa njia yao. Wabiwa aligundua kwamba mkwewe anapenda sombe, mboga ya majani ya mihogo, yenye mawese mengi na isiyo na pilipili, na kila Masudi alipokwenda kijijini kwao kutembea sombe ilipikwa hivyo. Masudi naye alisikia kwamba mgongo unamsumbua mama, basi akawa anapasua kuni nyembamba nyembamba na kuzipanga nyuma ya jiko lake, mahali ambapo mtu hahitaji kuinama sana. Miaka mitatu hawakusemezana neno hata moja, na kambini wala kijijini hapakuwa na wakwe waliopatana kama wao.

Mwezi wa kumi na moja, mwaka wa arobaini na nane, Adolphine alijifungua mtoto wa kike. Mtoto wa kike wa kwanza hupewa jina la bibi yake, naye akaitwa Wabiwa. Kwa kuwa Masudi hakuweza kulitamka jina hilo, mwanawe mwenyewe alimwita Mama Kidogo, na kambi nzima ikamcheka. Bibi akaja kumtunza mzazi, akafuatana na Euphrasie, mdogo wake Adolphine, msichana wa miaka kumi na minane. Hawakuwa wameijua Lukoma kabla ya hapo. Ukuta waliutazama kwa mbali siku ya kufika, wakasema ni mkubwa, basi.

Maziwa ya Adolphine hayakutoka vizuri. Dawa yake kila mama wa huko anaijua: mchuzi wa samaki wabichi. Jumapili asubuhi, mtoto akiwa na siku nane, Wabiwa na Euphrasie wakachukua vikapu wakaenda mtoni. Wanawake wa kambi walikwisha kukamata madimbwi ya juu, na mgeni hagombani na mwenyeji kwa ajili ya samaki. Wale wawili wakashuka mpaka dimbwi la mwisho, nyuma ya kona, penye kijiporomoko cha maji yaliyovuja chini ya mawe.

Milimani mvua ilikuwa imenyesha vibaya. Kabla ya saa sita mchana simu ya ukutani ikalia: maji yamepita alama, fungua. Masudi akapiga chuma. Wanawake wa madimbwi ya juu wakatoka mmoja mmoja, wakapanda, wakaenda zao. Masudi akashuka mtoni kama kawaida yake. Alipofika kwenye jabali la kona, akasimama.

Asubuhi aliwaona kwa mbali wakiondoka na vikapu, na kati ya waliopanda hakuwaona. Ng'ambo ya mto palikuwa na njia nyingine ya kurudi kambini. Huenda walikwisha kuipita. Au huenda mama mkwe alikuwa nyuma ya jabali lile, na kitambaa chake kiunoni. Hatua kumi zingetosha kujua. Masudi alimwaza mtoto aliyelala nyumbani, mwenye siku nane, ambaye uchafu wa baba yake ungemwangukia kabla hajajua hata kucheka. Hakuzipiga zile hatua kumi. Aligeuza uso pembeni, akakinga mikono mdomoni, akaita. Jina hakuliita, maana jina halikutamkika.

"Wale iko kule, mutoke! Maji inakuya!"

Kimya. Akaita tena. Kimya. Akaita mara ya tatu kwa nguvu zake zote, mpaka koo likamuuma, kisha akahesabu polepole kufika mia. Hakuna aliyejibu. Mtu akiwapo hujibu, alijiambia. Huko juu simu ilikuwa inalia tena. Angeweza kukimbia kumrudisha mwanamke mmoja wa kambi aje kutazama kwa niaba yake. Jambo jepesi, na lilimjia akilini kesho yake, halikumtoka tena. Alirudi ukutani, akazungusha gurudumu la vani.

Euphrasie alitokea kambini saa moja baadaye, peke yake, ngozi ya bega imechubuka yote. Maji yalimtupa kwenye mizizi ya mti. Wabiwa alionekana siku ya pili, chini ya mtambo. Wanaume wa kambi walimbeba mpaka kijijini kwake, na Masudi alitembea nyuma yao kwa mbali, kwa sababu hata mfu ni mama mkwe.

Kabla ya hapo Bwana Saa alikuwa amemwita ofisini. Swali lilikuwa moja tu: ulifika dimbwi la mwisho? Masudi alisema hapana. Angeweza kusema ndiyo, hapakuwa na shahidi, lakini hakuzoea uongo na siku ile hakuwa na akili ya kuuanza. Alipoulizwa sababu, akaeleza habari ya mama mkwe. Bwana Saa, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaweka kalamu chini akamtazama muda mrefu bila kuitazama saa yake. Mwishowe akasema kwamba katika sheria ya vani hamna mkwe. Kazi ya Masudi ikaishia hapo.

Kazi si kitu. Siku ya tatu ya matanga, wazee wa ukoo walimwita Masudi mbele ya watu wote. Aliyeuliza ni mjomba Kalonda, ndugu wa marehemu, mzee mwenye sauti ndogo ambayo watu waliinama kuisikiliza. Hawakumuuliza kwa nini hakufika dimbwi la mwisho. Hilo walilielewa, wengine walitikisa vichwa kumkubalia, maana wao pia wasingefika. Walichotaka kujua ni kama aliita. Mkwe anayesimama mbali na kuita amefanya yote ambayo heshima inamruhusu. Mkwe anayefungua maji bila kuita, huyo ameua. Masudi akasema aliita, tena mara tatu, na akayataja maneno yenyewe.

Kalonda akamgeukia Euphrasie. Msichana alikuwa amekaa mkekani, bega limefungwa majani, ubavuni mwa dada yake. Alimtazama Adolphine kwanza. Adolphine alikuwa ananyonyesha na hakuinua macho.

"Miye sikusikia sauti ya muntu," Euphrasie akasema.

Walimwambia Masudi aondoke kabla matanga hayajaisha, kwa kuwa muuaji hamlilii aliyemuua. Mke na mtoto wangebaki kwao. Hakuna aliyempiga. Angepigwa labda angepata nafuu.

Alipewa nafasi ndogo ya kuagana na mkewe nyuma ya jiko. Hakumwomba arudi naye, wala hakumwomba mtoto, alijua hivyo havikuwa mikononi mwake. Alitaka kitu kimoja tu.

"Adolphine, weye unaniamini? Niliita."

Adolphine alimpangusa mtoto mdomo kwa ncha ya kitenge, akampangusa tena pale pale palipokwisha kukauka.

"Mudogo yangu amesema," akajibu. "Uende, Masudi."

Akaenda. Alirudi Kindu, ambako wazazi wake walikwisha kufa, akapata chumba Kasuku na kazi ya magunia. Hakuoa tena. Mara nne au tano alimpa dereva wa lori la Kailo nguo ya mtoto aipeleke kijijini, na dereva alisema ameifikisha, lakini neno halikurudi. Waya wa Lukoma nao ulifika Kindu. Taa zikawaka kwenye nyumba za Wazungu na pale gatini. Mtu angependa kusema kwamba Masudi alizichukia taa zile. Hakuzichukia. Taa haikumkosea kitu, na chini yake alipakua na kupakia kama mwingine yeyote.

Mtu anaweza kuishi na kosa lake akishalijua. Masudi alilijua la kwake: zile hatua kumi. Alilikubali mbele ya Bwana Saa, alilikubali mbele ya wazee, na mbele ya Mungu kila swala. Kilichomla ni kwamba kati ya watu wote aliowapenda hakubaki hata mmoja aliyeamini kwamba siku ile alifungua mdomo wake. Hapo ndipo mtu anapoanza kujishuku. Siku nyingine, gunia likiwa mgongoni, aliisikia sauti yake ikitoka kooni, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku nyingine hakuisikia kabisa, akaogopa kwamba labda Euphrasie alisema kweli, labda yeye alisimama pale kwenye jabali akaita moyoni tu. Kwa hiyo alianza kulisema jambo hilo kwa sauti, apate angalau kulisikia kwa masikio yake. Ndivyo alivyopata jina lake.

Mwaka wa hamsini na tisa, mwezi wa kumi na mbili, wakati mjini hakuna aliyezungumza kitu kingine isipokuwa uhuru, mwanamke mmoja alishuka kwenye lori la Kailo akaulizia nyumba ya Masudi. Hakuna aliyemjua mtu huyo. Aliposema ni yule aliyefanya kazi Lukoma zamani, wakacheka, wakamwonyesha kwa Mara Tatu. Alikuwa Euphrasie, sasa mke wa mtu na mama wa watoto, na nyuma yake alikuja msichana mrefu wa miaka kumi na mmoja. Masudi alimtazama msichana yule akasimama wima. Uso wa bibi yake hakuwahi kuutazama, lakini mikono aliijua. Aliiona mara nyingi, ikimsukumia sahani ya sombe chini ya pazia la mlango.

Euphrasie alimtuma msichana kwa jirani, Mama Jeanne, akaombe maji ya kunywa na kukaa kidogo apumzike. Kisha akaketi chini sakafuni, ingawa kigoda kilikuwapo. Akasema Adolphine amekufa, miezi miwili sasa, kwa kifua. Kabla ya kufa alimwagiza kazi moja, na hiyo ndiyo iliyomleta.

"Shemeji, ile siku tulikusikia."

Euphrasie alitazama mlangoni, kisha akaendelea.

"Tulisikia sauti, maneno hapana. Ile maji ya pale ilikuwa inapiga makelele. Miye nilitaka kujibu. Mama akanifunga mudomo na mukono yake. Alisema, nyamaza, huyu njo mukwe yangu, na miye niko uchi. Tukijibu atakuya. Tujifiche, atapita."

Wakajificha nyuma ya mawe, Euphrasie akaeleza, wamechuchumaa kwenye maji ya kile kijiporomoko mpaka shingoni, wanangoja mkwe apite njia yake. Chuma hawakukisikia, na mambo ya vani hawakuyajua. Walimsikia mara ya pili, wakamsikia mara ya tatu. Wabiwa alifurahi kwamba anaita kwa mbali wala hasogei; alimnong'oneza binti yake kwamba Adolphine ameolewa na mtu mwenye adabu. Sauti ilipokwisha wakangoja kidogo, wakatoka mafichoni, wakaendelea kuchota, kwa sababu dimbwi lilibaki kidogo tu likauke.

Masudi alikaa kitako. Alipoweza kusema, aliuliza kwa nini basi, siku ile ya matanga. Euphrasie akamweleza jambo ambalo yeye, pamoja na kujifunza kwake kote, hakuwahi kuambiwa, maana haliambiwi mgeni. Kwao, mtu aliyesikia mwito wa hatari akabaki alipo anahesabiwa kuwa amejitoa mwenyewe. Wazee hawapimi kama alisikia maneno au sauti tupu. Sauti ni sauti. Mtu wa namna hiyo hafanyiwi matanga. Anazikwa kimya, mbali na wenzake, na jina lake linatupwa. Na mtoto anayelibeba jina lile anabeba balaa yake: halishwi sahani moja na wenzake, haolewi. Yule wa siku nane alikuwa ameshalibeba. Siku ile ile ya maji, bega lake likiwa bado linatoka damu, Euphrasie alimwambia dada yake yote. Adolphine alilia mpaka akachoka. Kisha akamwambia aseme hakusikia.

"Alisema, Masudi njo muntu mukubwa, atabeba. Mutoto hataweza."

"Kwa hiyo alijua."

"Alikuamini hata haujasema bado. Toka siku ya kwanza."

Masudi akalia. Alilia kama watu wanavyolia matangani, kwa sauti, bila kuficha uso, na Mama Jeanne kwa jirani akamshikilia msichana asitoke. Alimlilia yule mama ambaye hawakumpa ruhusa ya kumlilia, na alimlilia Adolphine. Miaka yote ile alitafuta mtu mmoja wa kumwamini, na mtu huyo alikuwapo, mwendo wa lori wa siku moja, ameishikilia siri yake mpaka kifua kikamshinda. Hakujua amshukuru au amlaani. Ukweli ni kwamba alifanya yote mawili, na hakuona aibu.

Euphrasie alingoja mpaka kilio kikapungua. Kisha akatoa neno lake la mwisho. Mjomba Kalonda alikwisha kufa, akasema, na yeye mwenyewe amechoka kulala na uongo. Adolphine aliagiza kwamba uamuzi uwe wa Masudi. Akitaka, Euphrasie atasimama mbele ya wazee waliobaki na kusema kwamba mkwe aliita, tena mara tatu, na jina la Masudi litasafishwa mbele ya ukoo mzima. Masudi akauliza habari za mtoto. Euphrasie akasema yuko shule ya misheni, ana akili, na watu wa ukoo wanampenda mno kwa ajili ya jina lile, kwa jinsi bibi yake alivyoliliwa siku tisa.

Mlango ukasogea. Msichana akaingia na kikombe cha maji, akakunja magoti kidogo kama alivyofundishwa, akampa Masudi kwa mikono miwili. Halafu hakuondoka. Alimtazama usoni moja kwa moja, na ilionekana swali lake alilibeba tangu Kailo, labda tangu alipojua kusema.

"Baba, kule kwetu wanasema haukumwita bibi. Njo kweli?"

Euphrasie aliinua kichwa akamtazama Masudi. Masudi alikishika kikombe, akayanywa maji yote polepole, akakiweka chini.

"Njo kweli, mama," akasema. "Sikuita."